"Huo ni ukweli wako, mimi nina wangu": kauli hii ina uzito au ni njia ya kukimbia hoja?

#1 (Mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna kauli imeshika kasi sana kwenye mijadala. Watu wawili wanabishana, iwe dini, ndoa, malezi au siasa, mmoja akiona hoja zinamwishia anafunga mlango: "Sawa, huo ni ukweli wako, na mimi nina wangu." Mjadala unakufa hapo hapo, na aliyeuua anaonekana mstaarabu, mtu asiye na ugomvi. Mimi kauli hiyo hainikai sawa, na leo nataka nieleze kwa nini. Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi baadaye.

Niseme mapema ninaposimama ili msinitafute. Naamini tunu za mtu binafsi zina kazi kubwa katika kuutafuta ukweli, na bila hizo hata maadili yasingekuwepo. Ila kazi yake ni kuuliza maswali. Tunu zangu zinaweza kuamua nichunguze jambo gani, niko tayari kugharamika kiasi gani, na nini kininyime usingizi. Haziwezi kuamua nitakachokikuta nikishafika.

Wazo lenyewe si la jana. Karne ya 5 kabla ya Kristo, Mgiriki Protagoras alisema mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Mwanafalsafa Plato akambana kwa swali jepesi: vipi kuhusu watu wanaoamini kwamba Protagoras kakosea? Kama kila anachoamini mtu ni kweli, basi na imani yao ni kweli, na Protagoras mwenyewe inabidi akubali kuwa kakosea. Wanaomtetea husema hapana, ni kweli kwao tu. Haya, tukubali. Lakini Protagoras alikuwa akifundisha kwa malipo, na mtu anayepokea hela yako akufundishe anadai kuwa yapo anayoyajua ambayo wewe huyajui. Ningekuwa mwanafunzi wake ningemwambia huo ni ukweli wake, ada naomba irudi.

Tuanze na ukweli wa mambo yanayopimika, maana ndio upande mwepesi.

Mwaka 1847 hospitali kuu ya Vienna ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Wodi ya madaktari ilikuwa inaua akina mama wengi zaidi kwa homa ya uzazi kuliko ile ya wakunga, na jambo hilo lilijulikana kiasi kwamba wapo wajawazito waliopiga magoti wakiomba wasipelekwe kule. Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, alijaribu maelezo moja baada ya jingine, yote yakagoma. Kisha mwenzake, Jakob Kolletschka, akajeruhiwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua, akafa. Dalili zake zilifanana na za wale akina mama. Hapo Semmelweis akaunganisha mambo: madaktari na wanafunzi walikuwa wanatoka chumba cha maiti na kwenda kuzalisha, wakunga hawakuwa wakipasua maiti. Akaagiza mikono ioshwe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Vifo vikaporomoka.

Wakubwa wengi wa taaluma hawakumkubali. Sababu za kitaaluma zilikuwepo, elimu ya vijidudu ilikuwa bado changa. Lakini na heshima nayo ilikuwemo: daktari, mtu wa hadhi, aambiwe mikono yake ndiyo inayoua? Hiyo heshima ya taaluma ni tunu, tena si mbaya. Semmelweis naye alikuwa na yake: hakuvumilia kuwaona wale wanawake wanakufa huku watu wakilaumu hewa chafu. Alifariki mwaka 1865, taaluma ikiwa bado haijampa haki yake.

Sasa ileteni hapo ile kauli yetu. Wakubwa walikuwa na ukweli wao, Semmelweis wake. Yule mama aliyelazwa kitandani, homa inayompanda ni ya ukweli wa nani? Tunu za Semmelweis zilimfanya auhangaikie mwiba ambao wengine walishauzoea. Lakini kama vifo visingeshuka baada ya mikono kuoshwa, huruma yake yote isingebadilisha kitu, na angetakiwa kutafuta maelezo mengine.

Kwenye maadili ndiko kwenye shughuli.

Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba Darius, mfalme wa Uajemi, aliwaita Wagiriki akawauliza walipwe kiasi gani ili wawale baba zao wakifa. Wakajibu hakuna malipo ya kuwafanya wafanye hivyo. Akawaita watu wa kabila moja la India, ambao kwao ndiyo ilikuwa desturi, akawauliza walipwe nini ili wawachome baba zao kwa moto kama Wagiriki. Wakapiga ukelele na kumsihi asitamke maneno kama hayo. Kisa hiki hutumiwa sana kuonyesha kwamba maadili ni mila tu, kila kundi na lake. Mimi nikikisoma naona pande mbili zinazotetemeka kwa sababu moja: mzazi aliyekufa asidhalilishwe. Wanatofautiana kwenye namna. Sisemi kila mgongano wa desturi uko hivyo, ipo inayogongana mpaka kwenye mizizi, lakini tuna haraka mno ya kutangaza kwamba hakuna cha pamoja kabla hatujauliza kila upande unalinda nini.

Nikupeni kesi mbili zinazonisumbua zaidi. Februari 1943, Sophie Scholl, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Munich, umri miaka 21, alikatwa kichwa pamoja na kaka yake Hans. Kosa lao lilikuwa kusambaza vipeperushi dhidi ya utawala wa Hitler. Miaka 18 baadaye, mwaka 1961, Adolf Eichmann, mmoja wa waliopanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kwenye kambi za mauaji, alikuwa kizimbani Jerusalem. Alidai maisha yake yote aliyaishi kwa kufuata mafundisho ya mwanafalsafa Mjerumani Kant kuhusu wajibu. Alipotakiwa kueleza mafundisho hayo, akatoa maelezo yasiyo mbali sana na ya kitabuni.

Ukisema kipimo cha maadili ni jamii, basi Sophie alikuwa mkosaji, maana dola, mahakama na umati wa watu wa wakati wake walikuwa upande wa pili. Na kila aliyewahi kutetea jambo jema kabla wenzake hawajalikubali, kwa kipimo hicho, alikuwa mkosaji mpaka siku walipomkubali. Ukikimbilia kwingine, ukasema kipimo ni mtu na tunu zake, Sophie anapona. Lakini Eichmann naye anapona. Wajibu, utii, kazi kufanyika bila dosari: alikuwa nazo tunu, na alizifuata.

Ndiyo maana "kuwa mkweli kwa tunu zako" hakunitoshi. Wahenga walishalitaja tatizo kwa maneno machache: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kanuni unayoitetea, ungeitetea ukiwa ndiye unayechomwa? Kant mwenyewe, mwaka 1785, alidai kitu cha jamaa hiyo: tenda kwa kanuni ambayo ungeweza kutaka iwe sheria ya wote. Eichmann alikariri maneno, swali lenyewe hakujiuliza. Wajibu wake haukuwahi kusimama upande wa yule aliyepakiwa kwenye behewa.

Naishia hapo kwa sasa. Wenye hoja karibuni, wenye matusi mlango ni ule.

#2

Mkuu nimeweka kambi. Nikimaliza kusoma nitarudi na maswali.

#3

Mleta mada umeandika vizuri ila umekwepa chanzo. Bila Mungu, jema na baya havina pa kushikia. Binadamu wakiachiwa wapime wenyewe, mwamba ngoma huvutia kwake. Leo tutakubaliana hiki, kesho kile. Hata huyo Sophie wako alikuwa mtu wa imani, hilo hujaligusa. Msingi ni mmoja tu, amri ya Muumba. Mengine ni kuzunguka mbuyu.

#4

Mimi nakuja na upinzani wa upande mwingine kabisa, na nadhani ndio mgumu zaidi.

Nietzsche, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1886 aliuliza swali ambalo wanafalsafa wengi walikuwa wamelipita kimya: kwa nini tunautaka ukweli? Kwa nini tusiutake uongo, au kutojua? Ukilitafakari hilo, uzi wako unatikisika, mkuu. Unasema tunu haziamui jibu, lakini kabla hujaanza tayari umeshaitawaza tunu moja, ile ya kuheshimu ushahidi. Nani kaichagua? Wewe. Mwaka uliofuata Nietzsche akachimba asili ya "jema" na "baya" na kukuta chini yake ugomvi wa wenye nguvu na wanyonge. Hiyo methali yako ya mkuki inafanya kazi kwa mtu ambaye tayari anaamini usawa. Asiyeamini atakwambia yeye si nguruwe, kesi imekwisha. Umempa mtu kipimo ambacho kinampima aliyekwisha kukubaliana na wewe.

#5 (Mleta mada)

Mkuu #3, Sophie alikuwa Mkristo, hilo ni kweli, na sitaki kumpokonya imani yake. Lakini zingatia: maaskari na watumishi wengi wa ule utawala nao walikuwa wamebatizwa. Dini ilikuwepo pande zote mbili, kwa hiyo kilichowatofautisha ni namna kila mmoja alivyoisikiliza.

Na hili la amri, wanadini wenyewe wamelibishania kwa karne nyingi. Plato aliliuliza kwa namna yake: jambo ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au inalipenda kwa sababu ni jema? Katika Uislamu, kundi la wanatheolojia walioitwa Muutazila walishikilia kwamba akili ya mwanadamu inaweza kuujua uzuri na ubaya wa matendo. Ash'ari na wafuasi wake, kuanzia karne ya 10, wakasema hapana, jambo huwa jema kwa kuwa limeamrishwa. Kwa Wakristo, Thomas Aquinas wa karne ya 13 aliipa akili nafasi kubwa, akifundisha kwamba ipo sheria ya asili ambayo hata asiyesoma maandiko anaweza kuifikia. Kwa hiyo ukisema "msingi ni amri", umeingia kwenye upande mmoja wa mjadala wa waumini wenyewe. Mjadala haujaisha kwa kuusema.

Tena yupo mwanazuoni ninayempenda katika hili, al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Aliona watoto wa Wakristo wanakua wakiwa Wakristo, wa Wayahudi wanakua Wayahudi, wa Waislamu wanakua Waislamu, akajiuliza: hiki ninachokiita yakini, nimekifikia au nimekirithi? Alitilia shaka hata macho yake, maana jicho huiona nyota ndogo kama sarafu na hesabu huonyesha ni kubwa kuliko dunia. Mtu huyu alitoka upande wa pili akiwa bado muumini, na mkubwa kuliko alivyoingia. Kuhoji hakukumla.

Mkuu #4, wewe umenibana kweli. Nakubali nusu: kuutaka ukweli ni tunu, na hakuna ushahidi utakaomlazimisha asiyetaka ushahidi. Nusu nyingine naikataa. Nietzsche anapochimba asili ya maadili anadai kuna kitu amekikuta kule chini. Kama hadai hivyo, ametusimulia hadithi tu na hatuna sababu ya kutikisika. Silaha anayoitumia ni hiyo hiyo anayoihoji.

Kuhusu anayesema "mimi si nguruwe": safi, sasa ataje tofauti. Kati yake na anayemchoma kuna tofauti gani inayohalalisha mkuki? Waliotetea utumwa hawakusema "tunapenda tu". Walidai wanaowafunga minyororo wana akili pungufu, au maumivu hawayasikii kama wao, au wameumbwa kwa kazi hiyo. Mengi ya madai hayo ni ya mambo yanayochunguzika, na yakichunguzwa yanaanguka. Ndiyo maana waliyalinda yasichunguzwe.

Hapa ndipo ninapomkumbuka William Clifford, Mwingereza, aliyeandika mwaka 1877 mfano wa mwenye meli. Meli ni kuukuu, imekarabatiwa mara nyingi, na mwenyewe ana wasiwasi kama itafika. Imejaa wahamiaji na familia zao. Anaanza kujibembeleza: imesafiri salama mara ngapi, Mungu atawalinda, mafundi walioijenga ni waaminifu. Taratibu wasiwasi unayeyuka, anaaga meli kwa moyo mweupe kabisa. Inazama katikati ya bahari, yeye anachukua fidia ya bima. Clifford anasema ana hatia ya vifo vile, na imani yake ya dhati haimsaidii, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini vile kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza jambo zito zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile.

Mwenye meli alikuwa na "ukweli wake". Aliupata kwa kutokuita fundi.

#6

Mleta mada, hapo kwenye watumwa umeruka shimo bila kutazama chini. Tuseme umethibitisha kwamba maumivu ya mtu yule ni sawa na yangu. Bado hujathibitisha kwamba inanipasa kuyajali. Mwanafalsafa David Hume aliliona hilo mwaka 1740: waandishi wanakwenda wakieleza mambo yalivyo, ghafla wanaanza kueleza yanavyopaswa kuwa, na hakuna anayeonyesha daraja amelivukia wapi. Wewe umefanya hivyo hivyo.

Nadhani daraja halipo kwenye ushahidi, lipo kwenye kuishi pamoja. Mwanafalsafa Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa na misimamo miwili ambayo watu huona haikai nyumba moja. Upande wa ukweli alikuwa karibu na kauli unayoipinga: alidai ukweli hauwezi kutenganishwa na maoni ya mtu anayeangalia kutoka mahali fulani, ila awe anaangalia kwa kufuata akili na uchunguzi. Upande wa maadili akasema ipo kanuni ambayo jamii yoyote ya binadamu ikiikosa inasambaratika: kuyapima maslahi yako na ya mwenzako bila upendeleo, ukijiweka mahali pake. Desturi zinatofautiana, hiyo haitofautiani.

Ukimsoma kwa haraka utasema kajipinga. Mimi naona ni mtu mmoja: kwa kuwa kila mmoja anaangalia kutoka mahali pake, ndiyo maana inambidi ajue kuhama.

#7

Mimi niliwahi kupata sifuri ya hesabu nikamwambia mwalimu huo ni ukweli wake. Alinisikiliza kwa makini sana. Sifuri ilibaki.

#8

Wakuu nimesoma yote, na niseme ukweli nimeanza kuchoka na wafu wa Vienna na Munich. Nina jambo lililo hai, nisaidieni.

Mama yetu anaumwa. Majibu yalitoka wiki kadhaa zilizopita, daktari akamkabidhi kaka yetu mkubwa karatasi, na kwa maelezo yaliyomo hakuna kupona. Kaka akatukusanya, akasema mama asiambiwe. Hoja yake ni kwamba mama ni mtu wa wasiwasi, akijua atakata tamaa na siku zilizobaki zitakuwa za kulia. Dada yuko upande wake. Mimi na mdogo wetu wa mwisho tunaona mama ana haki ya kujua. Kaka akanijibu kwa kauli hiyo hiyo ya kichwa cha uzi: "Wewe unathamini ukweli, mimi nathamini amani ya mama. Kila mtu na lake."

Juzi nikiwa namkunjia shuka, mama akaniuliza, sauti ya kawaida tu: "Ile karatasi waliyompa kaka yako imeandikwa nini?" Nikamwambia ni dawa za kuendelea nazo. Akasema "haya". Akageukia ukutani.

Sasa Protagoras, Kant na wenzao wote, niambieni: nifanyeje?

#9

Pole sana mkuu. Kwa Kant jibu ni fupi: usidanganye. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akija mlangoni kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, huruhusiwi kumwambia uongo. Ukianza kuchagua nani anastahili ukweli, neno lako halina thamani tena kwa mtu yeyote. Mwambie mama.

#10

Mkuu #9 hata waliompenda Kant walisita hapo. Kwa muuaji mlangoni mimi nadanganya bila kupepesa.

Kwa #8, soma kisa cha Sartre, mwanafalsafa Mfaransa. Katika mhadhara wake wa Paris mwaka 1945 alieleza kuhusu mwanafunzi wake wakati wa vita. Kaka wa mwanafunzi huyo aliuawa katika mashambulizi ya Wajerumani mwaka 1940, na mama yake amebaki hana furaha nyingine duniani isipokuwa yeye. Kijana anataka kwenda Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru na kulipiza kisasi, na anajua akiondoka atamwua mama kwa huzuni. Hakuna kitabu cha maadili kilichoweza kumwamulia. Upendo kwa jirani? Jirani ni mama au ni wapiganaji? Sartre akamjibu: uko huru, chagua. Na ndivyo ilivyo kwako, mkuu. Hakuna kipimo kinachokusubiri mahali. Utajua unathamini nini zaidi siku utakapotenda.

#11 (#8 tena)

Asante wakuu, lakini jibu la Sartre halinisaidii, na naomba kutofautiana naye. Yule kijana alikuwa anachagua maisha yake mwenyewe: aende vitani au abaki. Mimi na kaka tunachagulia maisha ya mtu mwingine, tena mtu mzima mwenye akili timamu. Uhuru wangu wa kuchagua unaingiaje kwenye habari za mwili wa mama?

Na la Kant nalo, nikimwambia kila kitu kwa pupa kesho asubuhi ili neno langu libaki na thamani, nitakuwa nimemfanya mama ngazi ya kupandia usafi wangu.

#12 (Mleta mada)

Pole sana, mkuu #8. Ulichoandika hapo juu kina nguvu kuliko uzi wangu wote, hasa kuhusu Sartre.

Niongeze kitu kimoja. Kaka yako ameligeuza jambo kuwa mvutano wa tunu mbili, ukweli dhidi ya amani, na wewe umelipokea hivyo hivyo. Lakini ndani ya hoja yake kuna madai mawili ambayo hayahusiani na tunu ya mtu yeyote. La kwanza, kwamba mama hajui. La pili, kwamba akijua atavunjika. Yote mawili yanaweza kuwa si kweli. Mtu anayeuliza habari za karatasi kwa sauti ya kawaida, akapewa jibu jepesi, akasema "haya" na kugeuka, huenda ana mashaka yake siku nyingi. Kama ni hivyo, hiyo amani anayoilinda kaka haipo. Mama anabeba peke yake, na juu ya mzigo huo anawalinda ninyi msijue kuwa anajua.

Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hakuna kati yenu wanne aliyemwuliza. Kaka yako ni yule mwenye meli wa Clifford katika hili, kwa nia njema kabisa: ana imani ya dhati kuhusu mama, na shahidi pekee anayejua yuko chumba cha pili, hajaitwa.

Na wewe pia, kusema "ana haki ya kujua" hakutoshi. Anayo, na anayo pia haki ya kusema sitaki kuambiwa. Wapo wagonjwa wanaoichagua hiyo kwa akili zao timamu.

#13

Nafanya kazi na wagonjwa, nimekuwa msomaji tu hapa, ila kwa hili niseme.

Mkuu #8, swali hilo linaulizwa bila kutaja ugonjwa wala karatasi, na halipaswi kuulizwa na watu wanne wamemzunguka kitanda. Mtu mmoja, mlango umefungwa, hakuna haraka. "Mama, kuhusu hali yako, wewe mwenyewe unaonaje?" Kisha nyamaza. Usijaze ukimya kwa "utapona tu". Atakachosema kitakuonyesha anajua kiasi gani. Baada ya hapo: "Ungependa uelezwe kila kitu, au ungependa daktari azungumze na kaka na wewe upumzike?" Akisema azungumze na kaka, mheshimu, ila mwambie mlango uko wazi siku akibadili mawazo. Akisema nataka kujua, usimwage yote kwa mkupuo. Eleza kidogo, subiri, mwache yeye aulize linalofuata. Na mwombeni daktari awepo, kwa sababu yapo maswali ambayo ninyi hamtakuwa na majibu yake, hasa ya maumivu na muda.

Kabla ya yote hayo kaeni na kaka yenu. Msiende kwake na hoja ya ukweli na amani, mtarudi mlipoanzia. Mwombeni jambo moja tu, kwamba mama aulizwe anataka nini. Nimeona ndugu wakigombana miezi mizima kuhusu kuambia au kutoambia, na kwenye hili wakaafikiana siku hiyo hiyo. Kaka akiogopa kuuliza mwenyewe, na wengi huogopa, aulize yule mdogo wenu wa mwisho. Mara nyingi wazazi humjibu yeye.